Ziara ya miguu Dar ya kale: nimeipenda, ila chenji yangu bado sijaiona

Mimi si mtalii. Nauza khanga na vitenge kwa jumla mtaa wa Uhuru, Kariakoo, huu mwaka wa kumi na nane, na Jumapili yangu huwa ni ya kulala mpaka jua liingie dirishani. Kilichonitoa nyumbani Temeke saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni daftari la mwanangu.

Yuko kidato cha tatu. Jioni moja alikuwa akikariri sababu za ubeberu kwa sauti, kichwa kikiyumba kama yuko madrasa: malighafi, masoko, mahali pa kuwekeza mitaji, sifa ya taifa. Nikamuuliza, "Haya, na ubeberu wenyewe ni nini?" Akajibu bila kusita, "Ni hatua ya juu kabisa ya ubepari, mama." Nikamwambia anifafanulie. Akanikodolea macho kama mteja aliyeshika khanga kumi mkononi halafu ukamuuliza ipi anachukua. Bibi yangu kule Mkuranga, ukimtajia beberu, anajua mbuzi dume, yule anayenuka tangu bandani na hapitwi na kitu bila kukipanda. Siku hizi kila anayetuudhi kutoka nje ni beberu, hadi neno limechoka. Na huyu wangu alikuwa na neno tu, ndani hamna kitu.

Mteja wangu mmoja wa Upanga ndiye aliyenipa namba ya vijana wanaotembeza watu katikati ya mji Jumapili, wakieleza historia ya ukoloni kwenye majengo yenyewe. Mtu mzima 35,000, mwanafunzi 20,000. Jina lao silitaji, maana nina ya kusifu na nina ya kulalamika, na ya kulalamika nimeshamwambia mhusika usoni.

Tuliambiwa tukutane Posta, kwenye Sanamu ya Askari, saa moja na nusu. Mwongozaji akafika saa mbili na dakika kumi, kijana mtanashati, kofia ya ukindu, spika ndogo kiunoni. Akasema foleni. Foleni ya Jumapili asubuhi, jamani! Sisi tuliotoka Temeke kwa daladala tulikuwa tumeshamaliza hadi karanga za kutafuna. Tulikuwa watu tisa: mimi na mwanangu, wanafunzi wanne wa chuo, mume na mke kutoka Mombasa waliokuja Dar kwa harusi, na mzee mmoja Mgogo, mstaafu wa reli, ambaye watoto wake walimlipia ziara kama zawadi. Huyo mzee shikeni habari zake, maana bila yeye ningedai nusu ya hela yangu.

Mwanzo ulikuwa mzuri, kusema kweli. Nimepita chini ya ile sanamu maelfu ya mara na sijawahi kusimama. Askari mweusi wa shaba, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini, kofia na vitambaa vya kuzungushia miguu vya jeshi la Mwingereza. Iliwekwa mwaka 1927. Mwongozaji akamwambia mwanangu asome maandishi ya Kiswahili kwa sauti, maana yapo kwa Kiswahili na Kiingereza, na mengine kwa herufi za Kiarabu. Akasoma kwamba wanakumbukwa askari, na wapagazi pia, ambao walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Mama wa Mombasa akadakia, "Hii hata kwetu ipo, na Nairobi ipo." Kumbe ni oda moja, miji mitatu.

Miguu na mikono. Maneno matamu mpaka ukifikiri kichwa kilikuwa wapi, na nani alikuwa akilijaza tumbo. Vita Kuu ya kwanza ilipigwa huku kwetu miaka minne, Waingereza wakimfukuza Mjerumani Lettow-Vorbeck kutoka Kilimanjaro mpaka Msumbiji na kurudi, na kwa sababu ya mbung'o wanyama wa kubeba mizigo walikufa hovyo, basi mizigo ikapanda vichwani mwa watu. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yake wanakadiriwa kukaribia 100,000, na wengi hawakuguswa na risasi. Walikufa kwa kuhara, malaria na njaa. Mjerumani alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918, kule ambako leo ni Mbala, Zambia, wiki mbili nzima baada ya wenyewe Ulaya kupeana mikono. Ndizo wiki mbili zilizonikaa kichwani. Kuna mtu alibeba sanduku la risasi za vita ambayo imeshakwisha.

Hapo ndipo mzee wa reli alipofungua mdomo mara ya kwanza. "Kwetu Ugogo njaa ya wakati ule iliitwa Mtunya," alisema. "Jeshi hili lilipita likachukua ng'ombe, lile likapita likachukua mtama, wote wawili wakachukua wanaume. Mvua nayo ikagoma. Hakuna sanamu ya Mtunya." Mwongozaji akasema, "Asante mzee," akatazama saa. Mzee hakuwa amemaliza. Alituambia kwamba wazee wa Dar waliita pale "picha ya Bismini", na huyo Bismini ni Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyetumwa kuzima vita vya Abushiri huku pwani mwaka 1889, akaja na askari Wasudani aliowaandikisha Cairo na wengine kutoka Msumbiji. Wajerumani walimjengea sanamu hapa mjini. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaiondoa, baadaye ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wa chuo kikuu wakaja kuiangusha mwishoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo jina la mnyongaji lilibaki midomoni mwa watu wetu baada ya shaba yake kuondoka. Mwongozaji hakuwa na habari hiyo. Nilimwona akiandika kwenye simu yake, na hilo nampa sifa, kwa sababu mjuaji asingeandika.

Kutoka hapo tukashuka baharini, na kwangu mimi pale kwenye kivuli mbele ya bandari ndipo 35,000 yangu ilipojilipa. Alitukalisha, akatoa kipande cha kitambaa kwenye begi na kuuliza nani anakijua. Nikacheka. Merikani! Pamba nzito isiyopauka, bibi alikuwa akiishonea foronya. Akaniuliza kwa nini inaitwa hivyo. Nikamjibu sijui, labda ni jina la kampuni. Kumbe ni Amerika. Kabla Mjerumani hajafikiria kuja, meli za Salem, Massachusetts, zilikuwa zikileta kitambaa hicho Unguja na kuondoka na pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Sayyid Said alitiliana mkataba wa biashara na Wamarekani mwaka 1833, konseli wao akaja kukaa Unguja 1837. Msafara wowote ulioelekea Tabora ulibeba merikani kama sisi tunavyobeba noti.

Kisha akatufuatisha uzi mmoja mpaka mwisho, na nakiri alifanya kazi. Mwaka 1861 Wamarekani wakapigana wenyewe kwa wenyewe, miaka minne, pamba ya kusini ikakwama bandarini. Viwanda vya Lancashire, Uingereza, vikakosa pamba, wafanyakazi wakalala njaa. Bei ikapanda. Misri wakasema hii ndiyo saa yetu, wakapanda pamba hadi mlangoni. Mtawala wao, Khedive Ismail, akakopa juu ya bei hiyo: reli, mifereji, majumba ya fahari. Vita ikaisha, pamba ya Marekani ikarudi sokoni, bei ikaanguka, deni likabaki pale pale. Mwaka 1875 akauza hisa zake za Mfereji wa Suez kwa Waingereza, kama pauni milioni 4. Mwaka uliofuata akashindwa kulipa. Wakaja wasimamizi wa fedha kutoka Uingereza na Ufaransa kukaa juu ya hazina yake. Wenyewe wenye nchi wakainuka, na mwaka 1882 manowari za Uingereza zikaipiga Alexandria mizinga, jeshi likaingia.

Wanafunzi wa chuo walikuwa wakitikisa vichwa kisomi. Mimi nilikuwa nimekaa kimya kwa sababu hiyo hadithi naijua kwa majina mengine. Jirani yangu wa kibanda cha tatu alichukua mkopo wa wale tunaowaita kausha damu, msimu wa harusi umechachamaa, khanga za kisutu zinakwenda kama maji. Mwezi wa Ramadhani ukaingia, harusi zikasimama, riba haikusimama. Walikuja na kirikuu wakapakia friji, mashine ya kushonea na majora yaliyobaki, na yule kijana aliyekuja kupakia alikuwa na karatasi yenye saini yake. Nikamwambia mwanangu kwa sauti ya chini, "Umeelewa sasa hiyo mahali pa kuwekeza mitaji?" Akasema, "Kumbe mtaji wenyewe ni deni la mtu mwingine." Sikumjibu, nilimnunulia dafu.

Na uzi haukuishia Misri. Viwanda vya nguo vya Ujerumani navyo vilitegemea pamba ya Marekani, na Wajerumani waliona jinsi Mwingereza alivyotetemeka. Wakataka pamba ya kwao wenyewe, kwenye ardhi yao wenyewe, yaani ya wengine. Mwaka 1901 wakawachukua wataalamu weusi kutoka chuo cha Tuskegee, Alabama, Marekani, watoto wa waliokuwa watumwa wa pamba, wakawapeleka Togo wakawafundishe Watogo kulima pamba. Na huku kwetu kuanzia mwaka 1902 wakaanzisha mashamba ya pamba ya lazima kwa kila jumbe, watu wa pwani ya kusini wakitakiwa kulima siku 28 kwa mwaka, mashamba yao wenyewe yakiota majani. Malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba wako waliokataa kuyapokea. Mnaona safari ya kitambaa? Kinaanzia Massachusetts, kinakuja kumtoa mtu jasho Umatumbi, huko kusini kwetu.

Hapo ningetamani tukae saa nzima. Lakini mwongozaji, sijui nani alimshauri, akatupeleka makanisani. Kanisa la Kilutheri la Azania Front, halafu Mtakatifu Joseph, yote yalianza kujengwa miaka ya mwisho ya 1890. Ni mazuri, sikatai, nimewahi kuhudhuria harusi mbili za wateja humo. Ila dakika arobaini na tano za vigae, vioo vya rangi na minara? "Wajerumani walijenga imara," alisema mara tatu nilizohesabu. Kama kawaida yangu nikauliza nani alibeba mawe, na aliwalipaje. Akasema swali zuri. Swali zuri, wafanyabiashara wote tunajua, maana yake jibu halipo.

Boma la Kale nalo lilimtoa jasho. Akaanza, "Jengo hili la Wajerumani..." Mzee akakohoa. Boma la Kale ni la Sultani Majid wa Unguja, kijana wangu, la miaka ya 1860, mawe ya matumbawe na milango ya Kizanzibari iko pale inajieleza. Majid alitaka kuhamishia shughuli zake huku bara, karibu na kijiji cha Mzizima, akaupa mji jina la bandari ya salama, akafa mwaka 1870 kabla haujasimama. Ndugu yake Barghash akauacha uote majani. Wajerumani walikuja kufungua kituo mwaka 1887, na 1891 wakahamisha makao makuu yao kutoka Bagamoyo.

Binti mmoja wa chuo akauliza swali ambalo na mimi nilikuwa nalo: Majid na Omani yake, misafara ya pembe na watumwa, mashamba ya karafuu Unguja, huo nao haukuwa ubeberu? Mwongozaji akatabasamu na kusema tusonge mbele, jua linapanda. Hapo ndipo nilipomkata nyota. Najua ni jambo zito, watu wana ndugu pande zote mbili za bahari, hata mimi ninao. Lakini huwezi kumpandisha Mzungu kizimbani halafu Sultani ukamkaribisha kahawa. Hakuja huku kama mgeni wa harusi. Mama wa Mombasa alinibinya mkono, akacheka, tukaelewana.

Ya Carl Peters aliyasimulia vizuri, tukiwa tumesimama barazani pale pale. Mwishoni mwa mwaka 1884 kijana huyo wa miaka ishirini na minane na wenzake walipenya bara, Usagara, Uzigua, Nguru, Ukami, wakitembea na karatasi za Kijerumani ambazo waliotia alama hawakuweza kuzisoma. Serikali yake mwenyewe haikumtuma. Wakati huo huo mkutano wa Berlin ulikuwa ukiendelea, ulioanza Novemba 15, mataifa ya Ulaya pamoja na Marekani na Uthmaniya, yaani Waturuki, mezani, wa huku hata mmoja hakuwepo, Sultani wa Unguja pia hakualikwa. Mkutano ukafungwa tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake, tarehe 27, Kaiser, mfalme wa Wajerumani, akatia saini hati ya kumlinda Peters na makaratasi yake. Barghash alipopinga, Agosti mwaka huo manowari za Ujerumani zikaja kutia nanga mbele ya jumba lake.

Hapa mzee na mimi tulipishana kidogo. Mimi nilisema yote ni biashara, pamba na deni. Akasema, "Mwanangu, biashara ni nusu. Wajerumani walikuwa taifa moja tangu 1871 tu. Walikuwa kama kijana aliyeoa jana, anataka naye aonekane ana kiwanja. Usagara palikuwa na faida gani mwaka 1884? Walichukua kwanza ili Mwingereza asichukue, faida wakaja kuitafuta baadaye kwenye migongo yetu." Nimelifikiria hilo tangu siku ile. Kuna watu Kariakoo wanapanga fremu tatu na kufunga mbili, ili tu mshindani asipate mlango. Kwa hiyo nakubali, mzee ana hoja.

Na faida ilivyotafutwa ndiyo sehemu iliyonikera kwa jinsi ilivyopitishwa harakaharaka. Kodi ya vibanda, mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba kwa mwaka. Alisema sentensi mbili akasonga. Jamani, hapo ndipo penyewe! Mtu ana shamba, ana mbuzi, hana shida na rupia. Unamwekea kodi inayotaka rupia, na rupia ziko kwa mwenye shamba la katani. Wamemfanya adaiwe kabla hajakopa. Katani yenyewe ilikuja kwa mtaalamu wao Hindorf mwaka 1893, miche 1,000 kutoka Florida, ikafika Pangani iliyo hai 62 tu, na kutokana na hiyo 62 yakaja mashamba yote yale ya Tanga mnayoyaona mkipanda basi. Haya ya katani tulisimuliwa na mzee, si mwongozaji.

Maji Maji nayo ingekufa kwa dakika tano kama si yule yule binti wa chuo. Ni mwenyeji wa Songea. Alieleza bila kupaza sauti: Julai 1905 Wamatumbi wakang'oa pamba, Kinjikitile, mganga wa yale maji, akanyongwa Mohoro mapema Agosti, vita vikasambaa kusini kote, na gavana von Götzen akaona risasi hazitoshi, basi wakachoma vyakula na mashamba ili njaa imalizie. Wajerumani wenyewe walihesabu waliokufa 75,000, wanahistoria wetu wanafika 250,000 hadi 300,000. Songea walinyongwa mashujaa zaidi ya sitini kwa siku moja, tarehe 27 Februari 1906, na Novemba 2023 rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikwenda pale pale kuomba msamaha. Binti alikuwa anataka kuendelea ndipo mwanangu akasema, "Mama, tarehe ni ileile." Alikuwa ameandika daftarini. Hati ya Kaiser, 27 Februari 1885. Kitanzi cha Songea, 27 Februari 1906. Miaka ishirini na moja kamili. Hakuna aliyeipanga, nadhani, lakini tulisimama kimya wote, hata spika ya kiunoni ikazimwa.

Baada ya hapo tukapita stesheni ya zamani ya reli, na mzee akawa kama karudi kazini. Alituambia reli ilianza kujengwa kutoka hapa mwaka 1905, Morogoro ikafika 1907, Kigoma Februari 1914, miezi sita kabla ya vita. Lakini alichotaka kutuambia hasa ni karanga. Baba yake alifanya kazi Kongwa. Baada ya vita ya pili Uingereza haikuwa na mafuta ya kupikia, wakaamua mwaka 1947 kulima karanga kwetu, maeka milioni kwa milioni, Kongwa, Urambo, Nachingwea. Hawakupima mvua wala udongo kama inavyopasa. Matrekta yakavunjikia kwenye mizizi ya mibuyu na vichaka, udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa saruji. Wakageuza vifaru vya vita kuwa matrekta, vikashindwa. Walinunua mbegu nyingi kuliko karanga walizovuna. Mwaka 1951 wakafunga, pauni milioni 36 zimeota mbawa. "Kule Nachingwea walijenga mpaka reli ya kwenda Mtwara," alisema, "tukaja kuing'oa miaka ya sitini kwa kukosa cha kubeba." Wagogo walikuwepo pale siku zote, wangeulizwa tu mvua inanyesha lini. Tulicheka sana, na mzee hakucheka.

Hakuna choo tangu Posta mpaka hapo, niliseme hili kwa faida ya akina mama. Mwongozaji alituambia "tutapata mbele." Mbele tuliyopata ilikuwa mgahawa mmoja ambapo ilinibidi ninunue soda nisiyoitaka.

Mnazi Mmoja nilidhani naujua. Napita kila siku. Kumbe ule uwazi wote haukuachwa kwa ajili ya mpira na mikutano. Waingereza, wakiendeleza mpango wa Wajerumani, waligawa mji mwaka 1924 kwa kanda tatu za ujenzi: Uzunguni kule baharini kwenye upepo, Uhindini katikati kwenye maduka, Uswahilini huku nyuma. Sheria haikutaja rangi ya mtu, ilitaja aina ya nyumba, ujanja mtupu. Na kati ya Uhindini na Uswahilini wakaacha uwanja mtupu, kisingizio afya, mbu wa Mwafrika asifike. Mwongozaji alitusimamisha katikati, akatuambia tuangalie mbele na nyuma. Ghorofa huku, ghorofa huku, lakini ukichunguza upana wa vichochoro unaona. Pale alirudisha nusu ya nyota niliyomkata.

Tukaingia Kariakoo kwa mtaa wangu mwenyewe, mtaa wa Uhuru, ambao wazee bado wanauita Kichwele. Ziara inaishia sokoni. Jina nalijua, kila mtu analijua, kambi ya wabeba mizigo wa Mwingereza, Carrier Corps, ikawa Kariakoo. Nisichokijua ni kwamba jengo lenyewe la mwanzo Wajerumani walilijenga liwe la maonyesho mwaka 1914, kusherehekea utawala wa Kaiser wao, vita ikawakuta. Ukumbi wa sherehe ukawa kambi ya wapagazi, na mwaka 1923 ukawa soko. Hili la sasa, la msanifu wetu wa majengo Beda Amuli, ni la 1975, na moto wa Julai 2021 mnaukumbuka. Wengine bado tunaulipia.

Jumapili saa saba mchana, mikokoteni inapita, vijana wanapiga kelele "Miguu! Miguu!" ili upishe. Mwanangu akanitazama. Mimi nikajifanya naangalia simu.

Nikafungua duka nusu mlango, nikawapa wenzangu viti, na kwa kuwa mwongozaji alisema ana nafasi ya maswali, maswali yakaja kwangu. Binti wa Songea aliuliza khanga zangu zinatoka wapi. Nikamwonyesha: nyingi India, nyingine China, chache za hapa nchini. Pamba ya Simiyu na Shinyanga sehemu kubwa inatoka ikiwa bado haijasokotwa, inarudi ina maua na methali, nami nailipia kwa dola ambayo bei yake siipangi. Akauliza sasa mimi nafanyaje. Nikamwambia nauza, mwanangu, ada ya huyu hapa inalipwa mwezi huu. Alinunua doti mbili, mama wa Mombasa nne, kwa bei ya jumla.

Kwa ujumla naipa nyota tatu na nusu kati ya tano. Mpeleke mtoto wa sekondari, hasa kama anasoma kwa kukariri. Wangu mtihani wa majaribio ameandika kurasa mbili juu ya pamba ambazo mwalimu wake hakuziomba. Vijana wapunguze makanisa, waongeze kodi, wajibu lile swali la Sultani, waweke choo kwenye ratiba, na kama wana akili wamwajiri yule mzee. Beba maji, vaa viatu vya kutembelea, usivae vipya kama mimi. Na nenda na hela kamili. Nilitoa 60,000 kwa ajili yetu wawili, akasema chenji atanirushia jioni. Hii wiki ya tatu. Nimempigia Jumatano, akasema mtandao unasumbua.